Jina Chini ya Piano

Watu wa Kisumu wana midomo. Mpaka leo ukipita Kibuye na kumtaja kaka yangu Walter Oketch, hatakosekana mmoja wa kukwambia kwamba fundi yule alimroga mwanamke wa Kigoa kwa sanduku la mbao. Mimi Dorca ni dada yake wa tumbo moja. Nilikuwapo tangu ubao wa kwanza mpaka msumari wa mwisho, na uchawi sikuuona. Nilichoona ni watu wazima wawili wanaogopana kama watoto wa Komunyo ya kwanza, na mimi katikati yao nikiumwa na kichwa.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Wahindi wengi na Wagoa walikuwa wanahama. Leo unanunua uzi kwenye duka fulani, wiki ijayo unakuta mlango umefungwa na mwenyewe yuko Uingereza. Katika hao waliokuwa wanafunga mizigo alikuwamo Mwalimu Klaudina, mjane wa karani wa reli, aliyepigia kwaya yetu piano kwa miaka kumi na minne. Mwanawe Anselmo alikuwa ameshatangulia, yuko mji unaoitwa Lesta huko Uingereza na mkewe na watoto, na alikuwa amemtengenezea mama yake karatasi zote za safari. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Mwalimu alisema hapandi ndege mpaka piano yake ipande meli.

Piano yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, nyeusi, imesimama wima kama kabati, na ilikuja kwa meli mwaka alioolewa. Wanakwaya tulikuwa tunafanyia mazoezi nyumbani kwake kila Alhamisi, kwa sababu kanisani hapakuwa na kitu kama kile. Ndani yake kulikuwa na chuma kizito kuliko jiwe la kusagia, na juu ya chuma hicho nyuzi na vinyundo vidogo vya mbao vilivyovishwa sufu. Ukiigonga vibaya inapotewa na sauti, na kuipata tena ni kazi. Nakumbuka nyumba ile ikinukia nta ya sakafu na maandazi ya nazi, madirisha wazi, ziwa linaonekana kule chini, nasi tumejipanga kwa sauti zetu. Ningepewa siku moja ya ujana wangu niirudie, ningechagua Alhamisi.

Walter alikuwa besi. Alikuwa pia mgane, mkewe alifariki kijana, na akaendelea kuishi kama mtu anayengoja basi. Nafasi yake pale ilikuwa upande wa kushoto wa piano, akimfungulia Mwalimu kurasa. Kwa miaka yote hiyo alimwita "Mwalimu", naye akamwita "Bwana Oketch". Hakuna aliyewahi kuvuka hapo. Lakini mapenzi ni kikohozi. Safu nzima ya alto ilikuwa inajua, na sisi alto tukijua jambo, sopano wanalijua kabla ya kufika getini.

Basi Mwalimu alipotafuta fundi wa kutengeneza sanduku la piano, alimtafuta nani? Walter. Karakana yake ilikuwa hapo Kibuye, anatengeneza vitanda, makabati na majeneza. Mtu ambaye alikuwa anamtazama maiti mara moja tu na kukata mbao bila kupima, akatengeneza sanduku la piano likawa fupi kwa upana wa kiganja.

"Nimekosea," aliniambia, amelitazama sanduku kwa uso mtulivu kabisa.

Akaanza la pili. Akasema mbao hizi mbichi, zitapinda baharini, lazima zikauke kwanza. Zikakauka. Ikaja habari ya kujaza nafasi kati ya piano na mbao, ili isicheze njiani. Walter akashauri pumba za mpunga, akaagiza magunia kutoka Ahero, na kwa vile mvua za Aprili zilikuwa zimeshafurika uwanda wa Kano, magunia yakafika yamelowa chepechepe. Tukayaanika uani kwa Mwalimu, kuku wa jirani wakapata sherehe. Pumba zilipokauka, Mwalimu mwenyewe akasema zina vumbi, vumbi litaingia kwenye nyuzi, zipepetwe. Nani alipepeta? Mimi. Nikaleta na mikeka ya mafunjo kutoka kwa akina mama wa Dunga, ya kuivisha piano. Mwalimu akainusa, akairudisha, eti inanuka samaki. Nikamwambia mkeka wa Dunga usionuka samaki haujafumwa bado. Hakucheka. Nilimwona mtu wa kusumbua, na nilimsema sana njia nzima hadi nyumbani. Mjinga mimi. Nilidhani ni kaka yangu peke yake anayevuta miguu.

Jioni moja nilimkuta Walter karakanani anapiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika zamani.

"Omera, ndugu yangu, wewe unalainisha hiyo mbao mpaka iishe?" nilimwuliza. "Huyu mama anaenda. Sema kitu."

"Niseme nini, nyaminwa?" Hivyo ndivyo alivyoniita kila mara, dada yangu, kwa lugha ya mama yetu. "Mtoto yake amemfanyia karatasi yote. Sasa mimi nimwambie akae hapa akule omena, hii dagaa yetu, na mimi?"

"Mwambie. Akikataa, akatae mwenyewe. Usimkatalie hata hujamuuliza."

"Nitasema sanduku ikiisha."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Walter."

"Na haraka haina baraka," akajibu, akarudi kwenye randa yake. Nilitamani kumpiga na mfagio.

Sanduku likaisha. Hakusema. Mwalimu akakata tiketi ya gari moshi la jioni ya Ijumaa hadi Nairobi, na kutoka huko ndege. Piano ingepanda behewa la mizigo siku hiyo hiyo, ishuke Mombasa, ipande meli izunguke Afrika nzima. Ilibaki kuitoa nyumbani na kuifikisha stesheni, na kazi hiyo walipewa hamali wa Shitanda.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana asiyewajua hamali wa Shitanda hataelewa yaliyotokea. Sisi Wajaluo kwenye dansi tuna mtindo wetu: mtu anasimamisha muziki, anajisifu mbele ya watu kwa jina la anayempenda, halafu muziki unaendelea. Shitanda alikuwa Mluhya kutoka Kakamega, lakini alikuwa ameupenda mtindo huo akautia kwenye kazi. Watu wake hawakunyanyua kitu bila wimbo. Shitanda anaimbisha, wenzake wanaitikia, na ikifika mahali pagumu anauliza kwa sauti, "Unabebea nani?" Yule ambaye zamu ni yake anataja jina la mtu wake, na kwenye jina hilo wote wanainua kwa pamoja. Nguvu yao ilikuwa kwenye jina. Na kama aliyetajwa yupo karibu anasikia, sharti aitike, "Niko!" Asipoitika, mzigo unashushwa chini, na aliyeita anachekwa mwezi mzima.

Kulikuwa na mmoja wao, Waliaula, ambaye siku moja akiwa chini ya gunia la pamba alimtaja mkewe bila kujua kwamba mkewe anapita na karai la samaki. "Niko!" yule mama akamjibu. "Na unga huko nyumbani hakuna!" Pamba ilipanda lori hamali wote wakicheka.

Ijumaa ikafika. Piano ilikuwa imevishwa blanketi, mikeka mipya isiyonuka, ikazikwa kwenye pumba ndani ya sanduku la Walter, kifuniko kimepigwa misumari. Hamali wanane wakapitisha magogo chini ya kamba. Shitanda akakohoa asafishe koo.

"Tafadhali," Mwalimu akasema, "leo hapana kuimba. Hii si pamba. Mkiimba mnaruka ruka, na ndani kuna vitu vinavunjika. Nyanyua kimya, pole pole."

Shitanda akamtazama kama aliyeambiwa abebe bila mikono. "Mama, sisi tukinyamaza hatujui mwingine anainua saa ngapi."

"Kimya, tafadhali."

Wakajaribu kimya. Wa mbele wakaenda kushoto, wa nyuma wakaenda kulia, na kwenye ngazi ya baraza sanduku likainama upande mmoja, na kutoka ndani tukasikia nyuzi zote zikinguruma kwa pamoja. Mwalimu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hata mimi niliyekuwa nimechoka na piano ile, nilikimbia mbele kana kwamba ningeweza kulidaka.

"Imbeni," akasema. "Basi imbeni, jamani."

Wakaimba. Wakataja wake zao, mama zao, mmoja akamtaja mtoto aliyezaliwa juzi, na sanduku likashuka ngazi likapanda lori bila kutikisika. Walter alitembea kando, mikono nyuma, akitoa maagizo: huku juu kidogo, huku chini. Hakugusa gogo. Shitanda alimtania, "Fundi, weka bega!" Akakataa, akasema mgongo unamuuma. Mgongo wake haukuwa na neno. Alijua kinachompata anayeweka bega.

Tulipofika stesheni mbingu ilikuwa nyeusi juu ya ziwa, na unajua mvua ya Kisumu ya alasiri, haikupi nafasi ya kukunja nguo. Behewa lilikuwa wazi, na mbao mbili nene zimeegemezwa mlangoni ili sanduku lisukumwe juu. Mwalimu alisimama chini ya paa la jukwaa na mwavuli wake uliofungwa, masanduku yake ya nguo miguuni, amevaa koti la safari lililokuwa zito mno kwa hali ya hewa yetu. Alikuwa tayari amefanana na mtu wa mbali. Nilimtazama nikaona kwamba nitamlilia, na nilikasirika kwa sababu sikuwa nimepanga.

Sanduku lilipofika nusu ya mbao, mvua ikashuka. Waliaula, aliyekuwa upande wa chini, akateleza kwenye tope akaenda chini chali. Kona yake ikabaki haina mtu. Sanduku likaanza kurudi nyuma, na Waliaula alikuwa bado amelala pale pale. Sikumwona Walter akikimbia. Nilimwona tu ameshaingia chini ya kona ile, bega kwenye mbao, magoti yamepinda, mvua inamtiririka usoni. Waliaula akatambaa akatoka. Sanduku likasimama.

Lakini kusimama si kupanda. Walikuwa wameganda pale, wanaume wanane na uzito ule, na miguu inateleza kidogo kidogo. Shitanda akaanzisha wimbo upya, sauti yake ikipigana na mvua. Wakaitikia. Akauliza, kama desturi, anayeulizwa akiwa ni yule mwenye kona mbaya:

"Unabebea nani?"

Walter akanyamaza.

"Fundi! Unabebea nani?"

Niliona shingo yake mishipa imetoka. Niliona mguu wake wa nyuma ukirudi. Alikuwa na mama yetu wa kumtaja, Mungu amrehemu, alikuwa na mimi dada yake, alikuwa na marehemu mkewe. Jina lolote lingetosha.

"Jina, Fundi!" Shitanda akapiga kelele, na sasa haukuwa wimbo tena. "Taja jina, tutakufa hapa!"

"Klaudina!"

Hakusema Mwalimu. Alisema Klaudina, kwa sauti ile ya besi tuliyoizoea kanisani, na stesheni nzima ikasikia, karani wa mizigo, abiria, wauza mayai, wote. Hamali waliinua, kwa sababu jina ni jina, na sanduku likapanda hatua moja. Halafu wakangoja, sanduku mabegani. Hawakuwa na haja ya kuuliza huyo Klaudina ni nani. Vichwa vyote viligeuka vikamtazama mama mwenye koti.

Mwavuli ulikuwa umemwanguka. Aliishi Kisumu zaidi ya miaka ishirini na alijua vizuri kabisa mtu akiitwa na hamali anatakiwa kufanya nini. Nilijisikia ninaomba, kwa sauti, kwa Kijaluo, nikimwambia Bikira Maria amsaidie huyu mwanamke afungue mdomo.

"Niko!" Mwalimu akasema. Sauti ilimkatika. Akatoka chini ya paa akaingia mvuani, akasema tena, kwa nguvu kama anavyotukemea sisi alto. "Niko!"

Sanduku lilipanda kama limeitwa lenyewe. Likaingia behewani, likafungwa kamba, na hamali wa Shitanda wakapiga vigelegele kama wanawake.

Walter hakungoja kushangiliwa. Aliruka chini akaenda kusimama nyuma ya godauni, mgongo kwetu, anajifanya kukamua shati. Nilimfuata nimvute kwa sikio, lakini Mwalimu alinipita akafika kwanza.

"Umeniita," akamwambia.

"Ilikuwa mzigo, Mwalimu. Unisamehe. Watu wamesikia."

"Sikuuliza watu. Nauliza wewe ulikuwa unaita mtu, au unainua sanduku?"

Kaka yangu akatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, Walter, ukisema sanduku, mimi na wewe basi.

"Nilikuwa naita mtu," akasema. "Naita miaka mingi, lakini ndani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja sanduku iishe."

"Na mimi nilikuwa nairudisha mikeka isiishe," Mwalimu akasema, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Ndipo nilipokumbuka pumba nilizozipepeta siku mbili nzima bila sababu, nikataka kuwagonganisha vichwa wote wawili.

Karani wa mizigo akatukimbilia na mwavuli, akauliza kama mama anasafiri au hasafiri, maana anataka kulifunga behewa, na kama piano inashuka basi ishuke sasa hivi. Hamali wakamsikia, wakanuna. Mwalimu aligeuka akalitazama behewa. Alilitazama kwa muda, na usoni mwake nikaona kwamba alikuwa anajua bei ya neno alilosema.

"Iacheni iende," akasema. "Anselmo ana watoto wawili wa kike. Wakikosa bibi, wapate piano."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimeitwa, nimeitika."

Hivyo ndivyo piano ilivyokwenda ng'ambo, na mwenyewe akabaki. Ilifika salama, hata uzi mmoja haukukatika, ila tuliambiwa mke wa Anselmo alizoa pumba za mpunga sebuleni wiki nzima. Anselmo alikasirika, na sitasema hakuwa na haki. Alikaa kimya miaka mitatu. Wagoa waliobaki mjini walimnyamazia mama huyo, na watu wetu nao walinyamaza kwa namna yao, yaani kwa kusema sana. Padri aliwafungisha ndoa asubuhi ya siku ya kazi, na kwaya tukaimba bila kinanda. Tuliimba vibaya mno. Nilifurahi hadi nikaishiwa sauti.

Wakaishi kwenye nyumba ya Walter ya vyumba viwili. Klaudina alijifunza kula omena, akaanza kufunga leso kiunoni kama sisi, akafundisha watoto wa mtaa wa Obunga kuimba kwa kupiga makofi tu. Na jioni, baada ya chakula, aliondoa sahani, akaweka mikono juu ya meza, akapiga. Meza tu, mbao tupu ya mvule. Vidole vinakwenda, miguu inakanyaga chini, na hakuna kinachosikika ila kucha kwenye ubao. Walter alikaa upande wa kushoto, na ikifika sehemu yake anaingia na besi. Hakukosea mahali pa kuingia. Mgeni angewaona, angedhani wamechanganyikiwa.

Nilimuuliza mara moja kama hajuti. Akaniambia, "Piano naikosa kila siku, Dorca. Uingereza sijawahi kuiona, nitaikosaje?"

Walter alifariki mwaka wa sabini na sita, kifua. Tulimzika nyumbani Pap Onditi. Wageni walipokwisha kutawanyika nililala kwa Klaudina kumshikia nyumba, na jioni ya tatu nikiwa jikoni nikasikia kucha mezani. Nikaja mlangoni nikasimama. Alikuwa anapiga wimbo wa Jumapili ya Matawi, tuliouimba zamani sana, miguu yake inakanyaga, macho kayafumba. Akafika mahali pa besi. Vidole vikasimama hewani. Akangoja.

Mimi ni alto, na si alto mzuri. Lakini sikuweza kuvumilia mikono ile ikining'inia hivyo. Nikaingia na sehemu ya kaka yangu, kwa sauti ya kukwaruza, kadiri koo langu lilivyoweza kushuka.

Hakufumbua macho. Vidole vilirudi mezani.

"Chini zaidi, Dorca," akasema. "Chini zaidi."